Kope za Bibi Dorkasi

Wanawake wa Migungani walimwita Mudrick Bwana Nyuso, na mwanzoni hawakumwita hivyo kwa heshima. Walimwona akija kila Jumamosi na baiskeli yake ya Kichina, suruali kaikunja hadi chini ya goti, kopo la plastiki likining'inia kwenye usukani, wakaambiana, "Haya, ficheni watoto, Bwana Nyuso huyo." Watoto nao walijificha kweli, nyuma ya vihenge na ndani ya zizi, wakicheka.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Mudrick alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja mjini Dodoma, kijana mrefu, mpole, mzaliwa wa Kolo kule kwenye vilima vya Kondoa. Alikuwa amejiandikisha kujitolea na kitengo cha macho cha hospitali moja ya mjini, kilichokuwa kikipambana na ugonjwa wa vikope. Ugonjwa huo huanza utotoni kama macho mekundu tu, yenye tongotongo na nzi. Ukimrudia mtu mara nyingi, miaka ikipita, kope hujikunja kwa ndani, na nywele zake zikawa zinakwaruza mboni kila anapopepesa. Mwisho wake ni upofu. Kinga yake ni uso safi, na hiyo ndiyo Mudrick aliyokuwa akiihubiri. Alipanda lori la kuelekea Morogoro, baiskeli juu ya mizigo, akashuka Buigiri, kisha akakanyaga pedali kilomita kumi na moja za mchanga hadi kijijini.

Kuhubiri kunawa wakati wa kiangazi, katika nchi ile, si kazi ndogo.

"Maji tunayachimba korongoni," mama mmoja alimwambia, ndoo ikiwa bado kichwani. "Natoka jogoo hajawika, narudi jua limepanda. Halafu wewe unataka niyamwage kwenye mashavu?"

Mudrick hakubishana. Aliomba kikombe kimoja tu. Akayamimina kwenye kopo lake, ambalo alikuwa amelitoboa tundu dogo kwa msumari, akawapanga watoto. Maji yakachirizika kama uzi. Watoto kumi na wawili wakanawa, na kikombe hakikwisha. Yule mama aliyatazama maji yaliyobaki, akazitazama nyuso, akaingia ndani. Wiki iliyofuata, mlangoni kwake lilikuwa limetundikwa kopo lenye tundu.

Walikuwa wameanza wanafunzi sita. Kufikia Agosti, upepo wa vumbi ulipoanza kuvuma, alibaki yeye peke yake. Si kwamba wenzake walikuwa watu wabaya. Ilikuwa miaka ambayo biashara ilikuwa imefunguliwa milango, kila mtu anauza kitu, na Jumamosi ndiyo siku ya mnada. Fabian, aliyelala kitanda cha juu yake bwenini, aliuza mitumba, na zaidi ya mara moja alimsihi washirikiane.

"Siku hizi hakuna cha bure, Mudrick," alimwambia. "Hata hospitali tunachangia. Wewe unajichosha juani kila wiki, nani atakukumbuka?"

"Nilipochaguliwa kwenda sekondari, baba alikuwa ameshafariki," Mudrick alijibu. "Wanawake wa Kolo walileta kuku, walileta ulezi, mmoja alileta shuka la kitandani kwake. Sikumsikia hata mmoja akiuliza nani atamkumbuka."

"Basi kawasaidie hao wa Kolo."

"Kolo ni mbali kwa safari ya siku moja. Migungani napafikia."

Fabian alitikisa kichwa, akamrushia shati moja la kijani kutoka kwenye furushi lake. Alisema lile alilovaa lilikuwa linakitia chuo aibu.

Nyumba ya mwisho kijijini, baada ya kuvuka korongo dogo, ilikuwa tembe la Petro. Petro alikuwa mkulima, ana ng'ombe wachache, mke, na binti mdogo aitwaye Ruthu. Ndiyo maana watu walimwita Baba Ruthu. Mama yake, Bibi Dorkasi, alikaa naye. Mara ya kwanza Mudrick alipobisha hodi pale, akatoa salamu ya Kigogo aliyofundishwa na watoto, "Mbukwenyi!", aliyeitika alikuwa huyo bibi, kutoka kwenye pembe ya ndani kabisa, gizani, kanga ameivuta hadi puani.

"Shikamoo, Bibi," Mudrick alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye yule mwenye kopo?"

"Ndiye mimi."

"Mimi uso wangu nanawa. Sina ugomvi na wewe. Macho yako yanaona vizuri?"

"Yanaona, Bibi."

"Basi nisaidie." Alijivuta hadi karibu na mlango, akafungua fundo la kanga, akatoa kibano kidogo cha chuma. "Mama Ruthu yuko korongoni, na Petro siku hizi mikono yake imekuwa mizito. Ning'oe hizi zinazonichoma. Tangu juzi sijafumba jicho."

Mudrick alikipokea kibano, na vidole vyake vikakitambua kabla ya akili. Kule Kolo, alipokuwa na miaka saba, yeye ndiye aliyekuwa akimng'oa bibi yake, Bibi Mwajabu, nywele za kope. Kila Ijumaa asubuhi alikaa naye uani, na nyumba nzima ilimsifu: mkono wa Mudrick hauumi. Alijivunia sifa hiyo. Hakuna aliyejua kwamba kila zinapong'olewa, nywele hizo hurudi ngumu zaidi. Bibi Mwajabu alimaliza miaka yake ya mwisho akitembea kwa kushika kuta. Mudrick alikuja kujua akiwa Dodoma, siku ya mafunzo ya wanaojitolea, kwamba kumbe dawa ilikuwepo: upasuaji mdogo wa kope, usiozidi nusu saa, mtu akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Siku hiyo alitoka nje ya ukumbi, akasimama nyuma ya jengo mpaka wenzake wakamaliza chai.

Sasa alimng'oa Bibi Dorkasi nywele tatu. Ya nne mkono ulikataa.

"Bibi," alisema, "hizi zitarudi wiki ijayo."

"Najua. Nami nitakuwepo."

Ndipo alipomweleza. Bibi Dorkasi alisikiliza, uso ameuelekeza ukutani.

"Kwa hiyo wanakata jicho."

"Si jicho, Bibi. Ni ngozi ya kope. Wanaigeuza ili nywele zitazame nje."

"Na wakikosea?"

Mudrick alifikiri kwanza. "Mimi si mganga, Bibi. Siwezi kukuahidi nisichokijua. Ila bibi yangu alikuwa na macho kama yako, na hakuna mtu aliyekuja kumwambia. Mimi nimekuja kukwambia."

Kuku aliingia, akadonoa sakafuni, akatoka.

"Malizia hizo mbili," alisema mwishowe. "Nataka nifikiri nikiwa sina miiba."

Ilichukua Jumamosi tano. Ya kwanza alisema hapana. Ya pili alisema atamwuliza mchungaji. Ya tatu mchungaji alikuwa amesema ni kheri, lakini yeye alikuwa bado anaomba. Ya nne hakutaka kuizungumzia habari hiyo kabisa, wakapiga soga za mvua. Ya tano alisema, "Niandike," kwa sauti ya mtu aliyekasirishwa na jambo, na Mudrick akaandika upesi asije akabadili nia.

Petro alimsubiri nje, amesimama karibu na baiskeli. Alikuwa mtu wa kifua kipana na maneno machache.

"Mama anaona mwanga wa mlango," alisema. "Anaona moto jikoni. Anamwona Ruthu akimsogelea. Hicho kidogo ndicho tulicho nacho. Kikipotea, kijana, sitakwenda hospitali kuuliza. Nitakuja chuoni kwenu."

"Nimekusikia, Baba Ruthu."

Wataalamu walikuja siku ya Ijumaa na Landrova yao, wakaomba darasa moja la shule ya msingi, wakaunganisha madawati na kuyatandika shuka safi. Mudrick aliomba ruhusa chuoni, akaja nao. Waliojiandikisha walikuwa wanawake watatu. Wa kwanza asubuhi hiyo alikumbuka msiba kijiji cha pili. Wa pili, Mama Frida, alifika, akaona mkasi ukichemshwa kwenye sufuria, akaomba njia ya msalani, akapitiliza. Akabaki Bibi Dorkasi.

"Mimi nimezeeka," alisema. "Hata ningetaka kukimbia, mngenikamata."

Alilala juu ya madawati, Mudrick akamshika mkono. Mganga wa macho alifanya kazi yake kimya, akisaidiwa na muuguzi aitwaye Evodia, mwanamke mnene wa Bukoba mwenye sauti ya amri na mikono laini mno. Sindano ya ganzi ilipoingia, bibi alimbana Mudrick vidole hadi vikafa ganzi pia. Macho yote mawili yalifungwa bendeji.

"Nitakuja kufungua mwenyewe kesho saa mbili asubuhi," Sista Evodia alitangaza mbele ya wote. "Mpaka nifike, hakuna mkono wa kugusa hii bendeji. Wala wa mwanawe." Akamgeukia Mudrick. "Wala wako wewe."

Gari likaondoka kwenda kuwahudumia wagonjwa wa kijiji kingine, kisha lilale Buigiri. Mudrick akabaki nyumbani kwa Petro. Aliwekewa chakula, lakini hakukigusa.

Saa mbili asubuhi ilifika, Landrova haikufika. Saa tatu. Saa nne. Kwenye barabara ya mchanga hapakuwa na hata vumbi la kutilia matumaini. Watu walianza kusogea uani, mmoja mmoja, kama wapita njia, kisha wakakaa. Bibi Dorkasi alikuwa kwenye kigoda, mgongo ukutani, mikono mapajani. Chini ya bendeji ya kulia kulikuwa kumetokeza unyevu mwekundu, ukateremka kidogo shavuni.

"Analia damu," mtu alinong'ona, na neno likazunguka ua mzima.

"Mimi nilijua," alisema Mama Frida, yule wa msalani. "Roho yangu iliniambia."

Petro alimfuata Mudrick. "Fungua."

"Siwezi. Umesikia mwenyewe jana."

"Wewe si mtu wa hospitali? Fungua uangalie."

"Baba Ruthu," Mudrick alisema, "mimi ni mwanafunzi wa uhasibu."

Hakuwahi kuwadanganya. Ni kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza. Mtu mmoja akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Uhasibu," Petro alirudia taratibu, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Umempeleka mama yangu kwenye visu, na wewe unasoma uhasibu."

"Petro," Bibi Dorkasi aliita kutoka kwenye kigoda. "Mwache. Aliniambia tangu siku ya kwanza kwamba si mganga. Mimi ndiye niliyejipeleka."

"Mama, unaumwa?"

"Naumwa. Sasa mkisimama hapo mnagombana, yule mama wa hospitali atakuja kwa miguu ya nani? Nendeni mkamtafute. Mimi sina safari."

Mudrick aliinua baiskeli. Alikuwa hajaikanyaga vizuri alipohisi mkono mzito umekamata keria nyuma.

"Huendi peke yako," Petro alisema, akapanda.

Wakaondoka hivyo, wanaume wawili juu ya baiskeli moja. Penye udongo mgumu Mudrick alikanyaga. Penye mchanga walishuka wakasukuma. Alipochoka mmoja, walibadilishana. Jua lilikuwa kali, na upepo uliwatupia vumbi machoni. Walipofika penye mchanga wa pili, wanasukuma, Petro akaanza kusema, macho yake yakiwa kwenye gurudumu.

"Nilikuwa namng'oa mimi. Kabla ya mke wangu. Siku moja, mwaka juzi, nilitoka kulima, mkono ukatetemeka. Kibano kikamchoma jicho la kushoto. Tangu siku ile jicho hilo lina ukungu." Akasukuma hatua chache. "Hajawahi kuniambia kwamba ni mimi. Akiulizwa, anasema ni kope."

Mudrick aliendelea kusukuma. "Mimi nilimng'oa bibi yangu miaka minne," alisema. "Akapofuka mikononi mwangu, huku nikisifiwa."

Petro alimtazama, mara ya kwanza siku hiyo bila hasira. Walipopata tena udongo mgumu, Petro ndiye aliyesema, "Kaa nyuma, nikanyage mimi."

Waliikuta Landrova kwenye kilomita ya sita, penye korongo kubwa, imeinama upande mmoja kama ng'ombe aliyevunjika mguu. Tairi la mbele lilikuwa limepata pancha, na spea nayo haikuwa na upepo. Dereva alikuwa ameondoka asubuhi ile na tairi begani kurudi Buigiri. Sista Evodia alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari, mkoba wa dawa miguuni, viatu mkononi.

"Mnafika saa hizi?" aliwafokea, kana kwamba wao ndio waliochelewa. "Nimekaa hapa tangu saa moja. Mgonjwa wangu yukoje? Amegusa bendeji?"

"Hajagusa," Mudrick alisema. "Lakini damu inatoka, Sista. Upande wa kulia."

"Nyingi?"

"Inachirizika."

Sista Evodia hakusema ni vibaya wala ni vizuri. Alivaa viatu. Hilo lilimtia Mudrick hofu kuliko neno lolote.

Baiskeli ilikuwa moja, na watu watatu. Petro alishika usukani. Sista Evodia aliitazama keria, akajitazama.

"Hiki kichuma kitanibeba?"

"Kinabeba gunia la uwele."

"Mimi ni gunia?"

"Gunia halisemi sana, Sista. Panda."

Alipanda, akiwa ameukumbatia mkoba, na Petro akakanyaga kwa nguvu zile alizojaliwa. Mudrick aliwatazama wakipotea kwenye mavumbi, kisha akaanza kukimbia. Alikimbia mpaka kifua kikawaka, akatembea, akakimbia tena.

Penye njia panda ya kwenda barabara kuu alisimama. Alijua kwamba akikata kushoto angefika lami kabla ya alasiri, angepata lori, angelala kitandani kwake jioni hiyo. Petro alijua chuo kilipo, kweli; lakini chuo kina wanafunzi wengi, na mtu mwenye shida zake huchoka kutafuta. Hayo yote aliyafikiri, waziwazi, na aliona aibu kwamba ameyafikiri. Kisha akamkumbuka bibi akisema, mimi ndiye niliyejipeleka. Akaendelea mbele.

Alipokaribia kijiji alianza kutega masikio. Kilio cha Migungani husikika mbali. Vigelegele vivyo hivyo. Hakusikia kilio, hakusikia vigelegele. Upepo tu, na kengele ya mbuzi mmoja. Akavuka korongo dogo, akapanda, akaliona tembe.

Ua ulikuwa umejaa watu, na wote walikuwa kimya. Wanawake wamekaa chini, miguu wameinyoosha, kanga vichwani, kama watu walioketi matanga. Petro ameegemea mwimo wa mlango, kichwa ameinamisha. Baiskeli imelala chini.

Mudrick aliingia hadi katikati ya ua. Sista Evodia alitokea mlangoni, akamwona, akaweka kidole midomoni.

"Sista," Mudrick alisema, na sauti ikatoka kama ya mtu mwingine. "Amepofuka?"

"Nani amepofuka?" Sista Evodia alinong'ona kwa ukali. "Amelala. Na wewe ole wako umwamshe."

Mudrick alimkodolea macho.

"Amelala usingizi," muuguzi alirudia, sasa taratibu zaidi, maana aliona uso wa kijana. "Kope zimevimba, kama inavyotakiwa. Zile damu ni za kidonda. Kidonda gani kisichotoa damu? Nimezisafisha. Nywele zote zinatazama nje. Nilipomfungua alipepesa mara moja, akakaza mwili mzima, akingoja imchome. Haikumchoma. Akapepesa tena. Akaniuliza, 'Ndiyo basi?' Nikamwambia ndiyo basi. Akasema anajinyoosha kidogo tu, na hata hiyo 'tu' hakuimaliza."

"Mwaka wa sita huu," Petro alisema bila kuinua kichwa, "sijamwona mama yangu amelala mchana."

Mudrick alikaa chini pale pale aliposimama, katikati ya ua, juu ya vumbi na mabua. Alijikuta anacheka na machozi yanamtoka, akajiziba mdomo kwa mikono miwili ili asipige kelele. Mama mmoja karibu yake alianza kucheka pia, mabega yakimtikisika, akajiziba kwa kanga. Kikapita hivyo ua mzima, kicheko cha watu thelathini wasiotaka kumwamsha mtu. Ruthu, mwenye miaka mitano, ndiye peke yake aliyecheka kwa sauti, wakamkimbiza nyuma ya nyumba.

Petro alikuja na kata ya maji, akachuchumaa mbele ya Mudrick.

"Kunywa," alisema. "Halafu unawe huo uso. Una vumbi kama mbuzi."

Mudrick alikunywa yote. Petro akamletea nyingine. Alipokuwa ananawa, Petro alibaki amechuchumaa, anachora chini kwa kijiti.

"Pale njiani," alisema, "nilipokuacha. Nilimwambia Sista hutarudi."

"Nilifikiri kutorudi."

"Najua. Mimi pia ningefikiri." Akatupa kijiti. "Lakini umerudi."

Mama Frida alikuwa amemsogelea Sista Evodia, akizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Aliuliza kama lile darasa la shule litaombwa tena, na kama ni lazima mtu aone mkasi ukichemshwa, au anaweza kuja baadaye kidogo. Sista Evodia alimjibu kwamba anaweza kuja amefunga macho akitaka. Akachana kipande cha boksi la dawa, akatoa kalamu. Kabla jua halijapita utosini kipande kile kilikuwa na majina saba, na jina la nane lilikuwa la mwanamke aliyekimbilia msiba, lililoandikishwa na dada yake.

Yapata saa nane Bibi Dorkasi aliamka. Waliusikia mlango wa ndani, kisha akatokea mwenyewe, anatembea polepole, kanga ameikinga juu ya paji la uso lakini hakuishusha. Kope zake zilikuwa zimevimba na kuwa nyeusi, nyuzi zimetokeza kama miguu ya mdudu. Hakuwa mzuri wa kutazamwa siku hiyo. Alisimama mlangoni kwenye mwanga, mahali ambapo kwa miaka alikuwa hasimami mchana, akapepesa.

"Kinauma, Bibi?" Sista Evodia alimwuliza.

"Kidonda kinauma. Lakini hakichomi." Alipepesa tena, kwa makusudi. "Mwanangu, kuuma na kuchoma ni vitu viwili."

"Nikwambie ukweli basi. Sijakurudishia ujana. Hilo jicho la kushoto lina kovu kwenye mboni, na kovu hilo litabaki. Tulichofanya ni kuzuia mengine."

Petro alifungua mdomo. Rangi ya uso wake ilikuwa imebadilika. "Mama, hilo kovu…"

"Nalijua lilikotoka," Bibi Dorkasi alimkatiza. "Nilikuwepo. Ulikuwa umetoka kulima, hujala, na hukusema umechoka. Ungekuwa mtoto mwingine ungesema umechoka." Akampapasa bega, akauacha mkono hapo. "Tumalize hayo. Bwana Nyuso yuko wapi?"

Watu walimsukuma Mudrick mbele. Bibi alimsogelea, kichwa amekigeuza kidogo ili amtazame kwa jicho la kulia, akamkagua kuanzia nywele hadi viatu.

"Kumbe wewe ni mtoto!" alisema kwa mshangao wa kweli. "Wiki zote hizi nilidhani naongea na mtu wa makamo. Ndevu zenyewe hazijaota! Ningejua, nisingekubali kukatwa."

Sasa watu walicheka kwa sauti, hakukuwa na wa kumwamsha.

"Na shati hili ni rangi gani?"

"Kijani, Bibi."

"Ni baya." Alimshika mkono, uleule aliokuwa ameubana juu ya madawati, akaubana tena, taratibu. "Umekula?"

Mudrick alijaribu kukumbuka. "Jana mchana."

"Mama Ruthu! Mwenzenu hajala tangu jana na mmemkalisha hapa kama kisiki!"

Dereva alifika na Landrova muda huo, tairi limezibwa, akapiga honi, na Sista Evodia akamjibu kwa sauti kwamba angoje. Kililetwa chakula, ugali wa uwele na mlenda, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Petro alinawa mikono, akakaa mkekani na Mudrick, wakala kutoka sahani moja. Njaa ilimrudia Mudrick yote kwa pamoja. Alikata tonge baada ya tonge, hakusema, hakuinua macho, na sahani ilipokwisha aliomba aongezwe, jambo ambalo nyumbani kwa watu hakuwa amewahi kulifanya.

Bibi Dorkasi alikuwa amekaa mkabala nao kwenye kigoda, nje, kivulini. Alikuwa anawatazama wanavyokula, na anapepesa. Anatulia kidogo, halafu anapepesa tena.